Wigo wa kodi ukipanuliwa, anayelipa tayari atapumua au atabanwa zaidi?

Swali: "Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Mauzo yangu yalivuka shilingi milioni 200 kwa mwaka, nikasajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nina mashine ya EFD ya risiti za kielektroniki na kila mteja ninampa risiti. Upande wa pili wa barabara kuna duka linalouza mabati na nondo zilezile, na mteja akiingia huulizwa kwanza: 'Unataka bei ya risiti au bila risiti?' Wateja wananikimbia. Kila bajeti inaposomwa nasikia serikali itapanua wigo wa kodi ili mapato yake yawe imara. Je, maana yake ni kwamba sisi tunaoonekana ndio tutaongezewa mzigo? Na kwa nini wasimtoze kila mwenye simu kiasi kidogo, maana tuko zaidi ya milioni 60, au wawatoze wamachinga ambao hawalipi chochote, mambo yakaisha?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, na la kwanza limebeba hofu yenye msingi. Unahofia kwamba maneno "kupanua wigo" ni jina la heshima la kuwakamua walewale. Kwa maana yake halisi, siyo. Kila kodi ina sehemu mbili, yaani kile kinachotozwa na kiwango kinachotozwa. Wigo ni sehemu ya kwanza: ni watu wangapi, mapato gani, bidhaa zipi na mali zipi zinazoguswa na sheria, na kati ya hizo ni ngapi zinazolipiwa kweli. Kupandisha kiwango ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi hufanyika pale ambapo kupanua wigo kumeshindikana. Wewe unauza saruji, kwa hiyo unakumbuka mwaka 2023 ilipowekwa shilingi 20 kwa kila kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na shilingi 100 zikaongezwa kwa kila lita ya mafuta. Hatua hizo ziliingiza fedha, lakini hazikumleta mlipaji hata mmoja mpya. Mnunuzi wa saruji alikuwa tayari analipa VAT. Aliongezewa kwa sababu saruji hutoka kwenye mageti machache ya viwanda, na mafuta hupitia matangi machache bandarini, kwa hiyo mkusanyaji hapati shida kuyafikia. Hofu yako inatokana na uzoefu wa aina hiyo, na sitakuambia kwamba unaota.

Hata hivyo, sababu ya kutaka wigo mpana ni ya kweli, na inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mwaka huo Mamlaka ya Mapato (TRA) ilivuka lengo lake na kukusanya takribani trilioni 32.26. Pengo lililobaki lilipaswa kuzibwa na mapato yasiyo ya kodi, makusanyo ya halmashauri, misaada na mikopo, na sehemu ya mikopo hiyo ni ya kulipia mikopo ya zamani. Kodi zetu kwa ujumla ni kama shilingi 13 katika kila 100 za pato la taifa, wakati wastani wa nchi za Afrika uko kwenye 16 hivi. Kasoro hiyo inauma, lakini kinachouma zaidi ni kwamba hata hizo 13 zinasimama juu ya nguzo chache: mizigo inayopita bandari ya Dar es Salaam, kampuni kubwa za bia, sigara, simu, saruji, benki na madini, pamoja na mishahara ya waajiriwa, ambayo hukatwa kabla mwenyewe hajaigusa.

Nguzo moja ikitikisika, hazina yote hutikisika. Mwaka 2014 wafadhili walizuia msaada wa bajeti kwa sababu ya sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu. Mwaka 2020 watalii walikatika kwa sababu ya korona, na mapema mwaka 2025 Marekani ikasitisha sehemu kubwa ya misaada yake duniani. Hazina inapopungukiwa ghafla haifungi ofisi. Hutafuta pa kusogeza maumivu. Huchelewesha malipo ya makandarasi, na hapo ndipo yule aliyechukua nondo dukani kwako kwa mkopo anapokuja kukuambia serikali haijamlipa. Huchelewesha marejesho ya VAT, na fedha ambayo ilipaswa kuwa mtaji wa mtu inakaa serikalini bila riba. Huuza hatifungani, yaani hati za kukopea, nyingi zaidi, na benki, zikiona serikali inakopa kwa riba nzuri na bila wasiwasi wa kutolipwa, hazina haraka ya kukukopesha wewe mwenye duka. Serikali yenye walipaji wengi wanaochangia kutoka shughuli nyingi tofauti haiyumbi hivyo, kwa kuwa utalii ukishuka kilimo huenda kimepanda, na uagizaji ukipungua kodi za pango na za majengo zinaendelea kuja.

Nije kwa wamachinga. Si kweli kwamba hawalipi chochote. Bidhaa wanayoitembeza imelipiwa ushuru na VAT ilipoingia nchini, walau pale ilipotangazwa kihalali, na hakuna anayewarudishia kodi hiyo. Soda wanayokunywa, vocha wanayokwangua na nauli ya daladala inayobeba ndani yake kodi ya mafuta, vyote vimewagusa. Ambacho hawalipi ni kodi ya mapato, na hilo ni kwa mujibu wa sheria, kwa kuwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Hesabu kidogo tu: mauzo ya milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, bado hujatoa gharama ya mzigo. Mwajiriwa hatozwi mpaka mshahara wake uvuke 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, na huo wote ni wake. Ukimtoza mwenye mauzo ya milioni 4 utakuwa umemtoza mtu ambaye, kama angekuwa mwajiriwa, sheria ingemwachia kila shilingi. Mwishoni mwa mwaka 2018 walianza kugawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000. Kama njia ya kuwatambua na kuwapunguzia bughudha ya mgambo, jambo hilo lilikuwa na maana. Kama njia ya kuimarisha hazina, halikuweza kufika mbali, maana hata wamachinga milioni moja wakilipa wote, utapata shilingi bilioni 20, na bajeti inahesabiwa kwa trilioni.

Pendekezo lako la simu lilijaribiwa, na ninadhani limetufundisha kuliko hatua nyingine yoyote ya kodi ya miaka ya karibuni. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Kwa mkusanyaji ilikuwa kama ndoto: kampuni chache zinakata, mamilioni ya watu wanalipa, na hakuna wa kumfuata nyumbani. Lakini tozo ile haikugusa mapato wala faida. Iligusa kitendo cha kuhamisha fedha, kwa hiyo mtoto aliyemtumia mama yake ya matumizi alilipa sawa na mfanyabiashara aliyelipia mzigo. Watu wakafanya ambacho ungefanya na wewe: wakarudi kwenye noti, wakafunga fedha kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi. Malalamiko yakawa makubwa, kiwango kikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, kikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na kufikia 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa. Muamala wa simu ni alama ambayo fedha huiacha inapopita, na alama hiyo ndiyo inayomwezesha mtoza kodi kujua, baadaye na kwa haki, nani anapata nini. Ukiitoza alama yenyewe, watu wataacha kuiweka, na wigo uliotaka kuupanua unasinyaa. Bajeti ya 2025/26 ilikuja na wazo la upande wa pili: VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mlaji anayelipa kwa njia ya benki au mtandao. Unaweza kubishana na ukubwa wa punguzo, lakini mwelekeo huo ndio sahihi.

Sasa tuvuke barabara, twende kwa jirani yako. Hapa naomba uchukue kalamu, kwa sababu ndipo kwenye kiini cha swali lako. Chukua mabati ambayo mwenye jumla anayauza kwa shilingi 1,000,000 kabla ya kodi. Ukinunua kwake kwa risiti, unalipa 1,180,000, na ile 180,000 ni kodi yako ya manunuzi. Ukitaka kubaki na 300,000 za kwako, unauza kwa 1,300,000 ukiongeza VAT ya 234,000, na mteja analipa 1,534,000. TRA unaipelekea tofauti, yaani 54,000. Jirani ambaye hajasajiliwa VAT, lakini naye amenunua kwa risiti kwa mwenye jumla yuleyule, hawezi kudai ile 180,000. Analazimika kuihesabu kama gharama, na akitaka 300,000 zilezile atauza kwa 1,480,000. Amekuzidi kwa 54,000 kwenye mzigo wa milioni moja na nusu, na tofauti hiyo unaweza kupambana nayo kwa huduma, kwa usafiri, kwa uaminifu wa vipimo.

Lakini kama hata mwenye jumla alimuuzia bila risiti, na bila kuweka kodi, jirani anauza kwa 1,300,000 na anabaki na faida yake kamili. Sasa amekuzidi kwa 234,000, na hakuna huduma nzuri itakayoziba pengo hilo. Kwa hiyo adui wa biashara yako huenda hayuko ng'ambo ya barabara. Yuko juu kwenye mnyororo, kwa mwenye jumla anayeuza bila risiti au kwa mwagizaji aliyetangaza kontena kwa nusu ya thamani yake bandarini. VAT imeundwa ili kila anayenunua amlazimishe anayemuuzia kuandika risiti, kwa sababu bila risiti hatarudishiwa kodi yake. Kiungo kimoja kikikatika juu, wote walio chini hawana tena sababu ya kudai risiti, na ukaguzi wa duka moja moja Morogoro unakuwa sawa na kufuta maji sakafuni wakati bomba limepasuka darini. Ndiyo maana ninapoona maofisa wakizunguka na kukamata wanunuzi waliobeba mfuko mmoja bila risiti huwa nasikitika. Ofisa yuleyule angekaa wiki moja kwenye maghala na nyaraka za forodha, angepata zaidi.

Kuna jambo ambalo huenda likakushangaza. Kizingiti cha kusajiliwa VAT kilikuwa milioni 100, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi milioni 200. Je, huko si kupunguza wigo? Kwa idadi ya vichwa, ndiyo. Ila kumsimamia msajiliwa mdogo kuna gharama kwa TRA, na kwake yeye kuna gharama ya mtunza hesabu na ritani za kila mwezi, wakati anacholeta, kama ulivyoona kwenye mfano, ni kodi ya sehemu yake ya faida tu. Mimi naunga mkono kizingiti cha juu. Ubaya wake ni kwamba kinaalika ujanja: mwenye mauzo ya milioni 350 anafungua TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya pili kwa jina la mkewe, duka linakuwa na milango miwili, na kila mlango unadai kuuza milioni 170. Dawa ya hilo ni kulinganisha taarifa ambazo tayari zipo serikalini, kama manunuzi yaliyo kwenye risiti za EFD, leseni za halmashauri na nyaraka za forodha. Kukisia makadirio kwa kuangalia jinsi duka lilivyopambwa hakusaidii, na ndiko kunakozaa chuki.

Yapo maeneo mengine ambako wigo ungepanuka bila kumgusa mama lishe hata mmoja. Misamaha ya kodi ndiyo ya kwanza kwangu, kwa sababu msamaha ni matumizi ya serikali ambayo hayasomwi bungeni kama matumizi. Anayepewa msamaha wa shilingi bilioni moja amepewa bilioni moja ya hazina, lakini ruzuku ya kiasi hicho ingejadiliwa siku nzima. Sisemi misamaha yote ifutwe. Nisingependa kuona unga na dawa vinatozwa, na mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya walionyesha kinachotokea pale watu wanapoona kodi inafika kwenye mkate, hadi muswada mzima wa fedha ukarudishwa tarehe 26 Juni. Nasema kila msamaha uwe na mwisho na sababu inayoweza kupimwa.

Halafu kuna pango, na kuna watoa huduma wa kitaalamu, mawakili, madaktari wenye kliniki binafsi na sisi washauri wenyewe, ambao wengi wetu hulipwa vizuri kuliko muuza nondo na huonekana kidogo kuliko yeye. Kodi ya majengo imeonyesha kwamba kukusanya si lazima kuwe kugumu. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilipoanza ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini, na ghafla maelfu ya nyumba ambazo hazijawahi kulipa zikalipa. Kasoro zake nazo ni za wazi: anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, wakati anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, na nyumba ya chini yenye bustani na bwawa la kuogelea inalipa sawa na ya vyumba vitatu vya bati. Wigo umepanuka, haki bado inachechemea. Ningeanza na thamani ya majengo kwenye miji mikubwa tu, hata kwa makundi matatu au manne ya bei.

Na mnunuzi asisahauliwe. Rwanda ilianza mwaka 2024 kumrejeshea mlaji wa mwisho asilimia 10 ya VAT iliyo kwenye risiti aliyodai. Mtu wa aina hiyo hukubali kwa shida zaidi ile "bei bila risiti", maana sasa naye ana kitu cha kupoteza. Kampeni yetu ya kudai risiti imetegemea uzalendo na faini kwa muda mrefu mno.

Ukiniuliza kama yote haya yatakupunguzia mzigo, nitakujibu kwa uaminifu: si mwaka huu, na pengine si mwaka ujao. Wigo hupanuka taratibu, na viwango hushuka tu pale serikali inapokuwa na uhakika kwamba haitapungukiwa. Tena hakuna serikali iliyopanua wigo kwa nguvu peke yake. Wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma Mei 2023, wakagoma tena Juni 2024, na malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya namna wanavyotozwa na kukaguliwa, kuliko kiwango chenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan baadaye aliunda tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mwenye duka akiona makadirio yanabadilika kulingana na ofisa aliyekuja, atajificha, na hapo wigo utapungua bila sheria kuguswa.

Kwa upande wako, naomba usivutwe na jirani. Rudi kwenye hesabu yetu. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT akinunua kwako kwa 1,534,000, atadai 234,000 kama kodi yake ya manunuzi, kwa hiyo mabati yamemgharimu 1,300,000. Akinunua kwa jirani kwa 1,480,000 hana cha kudai. Kwa mteja wa aina hiyo wewe ndiye mwenye bei nafuu, na kwa 180,000 nzima! Hata jirani akiuza bila kodi yoyote kwa 1,300,000, mkandarasi atakosa hati ya kuthibitisha gharama hiyo kwenye hesabu zake za kodi ya mapato. Shule, hospitali na halmashauri nazo haziwezi kununua bila risiti. Watafute hao, andika bei mbili kwenye nukuu zako, kabla na baada ya VAT, uwaonyeshe. Na wewe mwenyewe usinunue kwa mwenye jumla asiyetoa risiti ya EFD, hata akikupunguzia, kwa kuwa mkaguzi akija hutakuwa na cha kudai.

Yapo mambo ambayo majibu ya kuandika hayatoshi. Ukiletewa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, na kwa kawaida unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, chochote kilicho kikubwa, ingawa unaweza kuomba kupunguziwa ukiwa na sababu ya msingi. Siku hizo zikipita ni vigumu kusikilizwa, kwa hiyo usizimalize ukijadiliana kwa simu. Nenda kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa, ukiwa na barua ya makadirio, ritani za VAT za kipindi husika, taarifa za benki na vitabu vyako, ambavyo sheria inataka uvitunze kwa miaka mitano. Pingamizi likikataliwa, rufaa huenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Kama tatizo ni mwenendo wa ofisa, kama vile kudaiwa fedha nje ya utaratibu, kufungiwa duka bila maandishi au kucheleweshwa bila sababu, ipo taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, TOST, ambayo huhitaji wakili kuifikia. Nenda ukiwa na tarehe na jina la ofisi iliyokuhudumia, pamoja na nakala ya kila karatasi uliyopewa.